Bahari Kutoka Nyumba ya Nne

Ibo, Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Zainabo alinitumia ujumbe kwamba umerudia kutia chumvi mchuzini kwa mkono ule wa zamani, na ukiulizwa unasema daktari wa hospitali hajui kupika. Mama, tafadhali. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na mashavu yameanza kujaa hata Dona Ivone amenitania kwamba kisiwa kimenipokea. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninamwomba barua hii iwakute nyote, huko Palma mlikorudi, mkiwa na afya, paa halivuji, na yule kuku mweusi bado hajaibiwa.

Zainabo, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Soma polepole, na usiruke mstari hata ukikutana na jina usilolitarajia. Na wewe Mama, usimnyang'anye karatasi.

Utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mtandao wa Ibo huja na kuondoka, hilo ni kweli, lakini sababu si hiyo. Nimejaribu mara tatu kukuambia jambo hili kwa simu, na mara zote tatu, nikikaribia tu jina lenyewe, umesema sufuria inaungua, ukakata. Sufuria gani hiyo inayoungua kila nikitaja Ibo? Karatasi haina mahali pa kukatia. Basi kaa kitako.

Kwanza nikueleze ninavyoishi, usije ukadhani nalala magofuni. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja nyuma ya soko, chumba kizuri chenye dirisha la mbao. Maji ya kisima yana chumvi kidogo, ya kunywa tunanunua kwa ndoo. Mtaa wa mawe, ule mliokuwa mkiuita mjini, umejaa nyumba kubwa zisizo na watu. Nyingine zina milango mizito imefungwa kwa kufuli, halafu ukizunguka nyuma unakuta ukuta wa nyuma haupo kabisa, na mbuzi wanaingia na kutoka. Nilicheka peke yangu nilipoona. Mtu amefunga mlango na amekwenda na ufunguo, na nyumba nzima iko wazi! Kuna mahali mti umeota juu ya dari na mizizi yake imeshuka mpaka sakafuni, umeushika ukuta, na sasa hakuna anayejua kama mti ndio unaoubomoa ukuta au ndio unaouzuia usianguke. Nimewauliza watu watano, nimepata majibu matano.

Unanijua. Nikianza kuuliza siachi.

Kazi yenyewe inakwenda vizuri sasa, ingawa mwanzoni nilitia aibu. Dona Ivone ni yule arkiteta wa serikali, msanifu wa majengo, mama wa Beira, aliyenikuta Pemba nikiwapigia picha za vitambulisho watu waliokimbia vita kama sisi. Aliniuliza kama naweza kupiga majengo, nami nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Anataka ngome zote tatu za hapa na nyumba za mbele ya bahari zipigwe picha kabla fundi yeyote hajagusa jiwe: kila ukuta, kila ufa, kila mlango. Akaniandikia kredensiali, barua yenye mihuri miwili, nami nikaizungusha: kwa mkuu wa wilaya, kwa polisi, kwa wanajeshi wa gatini, kwa sekretario wa mtaa. Pwani yetu siku hizi, ukionekana na kamera bila barua ya mhuri, wewe ndiye unayepigwa maswali mpaka jua litue. Hata nikiwa nayo, sekretario alinitazama kwa muda akaniuliza, "Kuta hizi zina nini hata zipigwe picha?" Nikamwambia ndilo ninalotaka kujua.

Wiki ya kwanza nilipiga ngome kubwa, ile yenye kona tano. Nikampelekea Dona Ivone picha mia na kitu, kifua mbele. Akazitazama moja baada ya moja. Akavua miwani. Akaniuliza kwa Kireno kama hii ni ngome au ni bilheti ya utambulisho.

Mama, alisema kweli! Miaka kumi ya kibanda changu pale sokoni Palma ilikuwa imeniingia mkononi. Ngome nzima nilikuwa nimeisimamisha kama mteja: uso mbele, masikio yote mawili yaonekane, isiinamishe kichwa, na mtu mwingine asiingie. Nilikuwa nimewaondoa hata mafundi wa fedha, wale wanaokaa ndani ya lango wakisokota mikufu. Mkubwa wao, Abudo, mzee mcheshi mwenye mikono midogo, aliinuka bila kubisha. Alipokuwa akipita karibu yangu akasema, "Sawa, mwanangu. Tukitoka sisi humu, utapiga picha za popo."

Siku iliyofuata nilirudi kumwomba radhi, nikamwomba anieleze ngome. Akaacha kazi yake, akanipandisha juu ya ukuta. Akaniambia simama kona hii, utazame kona ile. Halafu akanituma kona ile nitazame hii. Nilizunguka kona zote tano, na kila nikifika namwona yeye kule nilikotoka akinipungia mkono. "Umeelewa?" akasema. "Hakuna mahali adui anaweza kujibanza chini ya ukuta. Kila kona inalindwa na mwenzake." Nilikuwa nikidhani ni urembo tu, kona zile. Nikauliza mizinga ilipiga mara ngapi, akasema yeye hajui, lakini baba yake alikuwa akiwaona watu wakiletwa humu wamefungwa mikono, siku za Wareno, na si wote waliotoka. Akanionyesha chumba chenyewe. Nikapiga picha moja, nikatoka nje kukaa juani. Sikutaka kuongeza.

Nimejifunza mambo mengi hapa. Ukuta ukibomoka unaona ndani yake makombe na matumbawe, mengine mazima kabisa, kwa sababu chokaa waliichoma humu humu kutoka baharini. Asubuhi ukuta ni mweupe tu, hauna cha kusema. Saa sita hauna sura. Alasiri, saa kumi hivi, jua linaupitia kwa ubavu na kila jiwe linatoa kivuli chake, hapo ndipo unaona wapi palizibwa, wapi palikuwa na dirisha, wapi fundi alichoka. Sasa nafanya kazi saa hizo tu. Na watu siwaondoi tena. Dona Ivone anasema nimekuwa mpiga picha. Mimi nilidhani nilikuwa siku zote.

Haya. Sasa nifike kwenye agizo lako.

Uliniambia siku naondoka Pemba, na nayarudia maneno yako kama ulivyoyasema, Zainabo ni shahidi: "Nipigie bahari kama ilivyoonekana barazani kwetu, ngome ndogo mkono wa kushoto na mikoko mbele. Nyumba ya nne kutoka ngome ndogo. Usiingie. Usimsalimu aliyemo. Piga ukiwa njiani, uondoke." Aliyemo ni Mama Mkubwa Mwaija, dada yako tumbo moja, ambaye hujasema naye tangu mazishi ya Bibi, miaka kumi na moja sasa. Mimi nilimwona mara moja tu nikiwa mdogo, nakumbuka kapulana ya njano aliyojifunga na hakuna zaidi.

Nilitii. Nilikwenda mara tatu. Lakini Mama, ukiwa njiani huioni bahari. Baraza za nyumba zile ziko juu, na mbele pana kuta za bustani. Picha ya kwanza ilitoka ukuta. Ya pili nilipanda jiwe, ikatoka ukuta na pembe za mbuzi. Ya tatu nilipanda baiskeli ya Abudo, yeye ameishika, nusura tuanguke wote wawili. Bahari hiyo inaonekana kwa aliyekaa barazani tu. Sijui kama ulisahau, au ulikumbuka vizuri ila hukutaka nijue.

Nikapata akili ya ujanja. Ulinikataza nyumba ya nne. Hukunikataza ya tatu. Bahari ni ileile, ngome ileile, tofauti ni hatua kumi. Alasiri moja, saa kumi, nikaanza kuhesabu kutoka ngome ndogo: moja, mbili, kipo kiwanja kidogo chenye mipapai, halafu tatu. Barazani amekaa mwanamke akichambua mchele kwenye ungo. Uso wote mweupe kwa msiro mzito, kijiti kilichosagwa vizuri jiweni kwa maji, umeanza kukauka. Msiro unaficha miaka, unajua. Angeweza kuwa na thelathini, angeweza kuwa na sabini. Nikapiga hodi, nikaonyesha barua yangu yenye mihuri, nikaeleza.

"Pita," akasema. "Bahari si yangu."

Nikapanda, na iko pale, Mama. Kama ulivyosema. Ngome ndogo kushoto, mikoko, maji yamekupwa na kuacha mchanga wenye mistari, na watoto wawili wakifukua kombe. Nilipiga polepole. Yule mama hakunisumbua, alikuwa akiuliza maswali tu: kioo hiki kinaona mbali kiasi gani, picha inakaa wapi kabla haijawa karatasi. Nikampenda. Na kwa kuwa nimefundishwa kutowaondoa watu, nikamwambia ningependa kumpiga na yeye, hapo hapo na ungo wake, bahari nyuma. Akakubali. Akanyoosha kapulana mabegani, akakaa sawa.

Nikainua kamera. Na mdomo wangu, mdomo huu wa kibandani, kule nilikoweka beseni na taulo mlangoni kwa ajili ya wanawake wote wa Palma waliokuja kupigwa picha na msiro usoni, ukafunguka wenyewe.

"Haya mama, nawa uso kwanza."

Akaweka ungo chini.

"Unasemaje?"

"Nawa uso. Picha haitaki msiro." Mama, nilikuwa bado sijaelewa ninachofanya! Nilikuwa hata natafuta beseni kwa macho.

"Miaka sitini na kitu nakaa hapa," akasema, sauti ya chini. "Amepita gavana mbele ya baraza hii. Wamepita wazungu na kamera ndefu kuliko mkono wako. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ninawe uso nyumbani kwangu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiniamrisha hivyo, kila siku ya Mungu, na yeye ni mdogo wangu kwa miaka minne. Aliolewa Palma."

Nikashusha kamera.

"Sogea hapa nikuone."

Nikasogea. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea upande wa jicho lake la kulia, akanileta karibu mpaka nikasikia harufu ya msiro. "Mtoto wa Fatima," akasema. "Wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza."

"Atija."

Unajua nilimjibu nini? Badala ya kumwamkia, badala ya kumbusu mkono, nikasema, "Lakini hii ni nyumba ya tatu." Akasema, "Ya tatu ilianguka mwaka wa kimbunga. Hukuona mipapai?"

Ndivyo nilivyovunja maagizo yako yote kwa mpigo mmoja, Mama, na nilivunja kwa kuhesabu. Ninakuomba radhi. Lakini nikisema najuta nitakuwa nakudanganya.

Alinipa kahawa na mkate wa kumimina. Hakuuliza habari zako. Nikaona hataki kuanza, na nikajua ungekuwa wewe nawe usingeanza, basi nikaanza mimi, kwa kuwa mdomo ulikwisha niponza tayari. Nikamuuliza alikuambia nini siku ile ya matanga.

Akaniuliza, "Yeye amekuambia nilisema nini?"

Nikamwambia unavyosimulia siku zote: kwamba habari za ugonjwa wa Bibi zilikufikia zimechelewa, ulifika siku ya tatu baada ya kuzikwa, wanawake wote wamekaa mkekani, na dada yako hakuinuka kukupokea, akasema mbele ya watu, "Umefika wakati wa kugawana." Na wewe ukageuka, ukarudi na chombo kilekile kilichokuleta.

Nilitegemea akatae. Kila ugomvi niliowahi kuusikia, kila mtu ana toleo lake.

"Ndivyo nilivyosema," akajibu. "Hakuniongezea wala kunipunguzia. Nilisema, na nilikosea, na nilijua nimekosea kabla hajafika gatini."

Halafu akasema haya, na nayaandika yote kwa kuwa ni yako. "Siku tano nilimuuguza. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji kwa kijiko. Na siku zote tano alinishika mkono akiniita Fatima. Nikimwambia, Mama, ni mimi, Mwaija, ananiambia, Fatima, nenda kaniitie Mwaija. Nipo pale, amenishika, ananituma nikajiite. Alikufa hajaniona. Nikawakasirikia wote wawili, yeye na mama yako, na wa kugombana naye alibaki mmoja."

Mama, nililia. Sikuona haya. Yeye hakulia, aliendelea kunimiminia kahawa mpaka ikamwagika sahanini, ndipo nikagundua kwamba hakuwa anakiona kikombe.

Jicho lake la kushoto limepofuka kabisa, jeupe. La kulia linaona nusu. Mpaka hapo alikuwa amenificha, maana anaijua nyumba yake kwa miguu na mchele anauchambua kwa vidole. Nilipomtolea picha yako kwenye simu aliileta mpaka ikagusa pua. "Inang'aa tu," akasema, akanirudishia. Daktari aliyekuja kutoka Pemba amemwambia la kulia nalo linakwenda njia ileile, na kufanyiwa upasuaji anaogopa.

Tangu siku ile nimekuwa nikipita kila alasiri nikitoka kazini. Kwa kuwa haoni picha, ananiamuru nimsimulie. Amenenepa? Nikasema wastani. Bado anatembea kama anafukuzwa? Nikasema hapana, magoti yamempunguza mwendo, kupanda ngazi ni shida. Akauliza goti lipi, nikasema yote mawili. Bado anaamrisha watu? Sikujibu, akacheka mpaka akashika mbavu. Mnacheka sawasawa, unajua? Sikuwahi kujua kicheko chako kimetoka wapi.

Nilimuuliza kwa nini hakutuma neno miaka yote hii. Akasema mdogo ndiye humwendea mkubwa, ndivyo tulivyolelewa. Na ndivyo ulivyotulea na sisi. Mimi na Zainabo tukikosana, hata kama kosa ni langu, ni yeye anayekuja. Nawe unasema aliyekufukuza ndiye anayepaswa kukuita. Basi mmekaa, mmoja huku, mmoja huko, kila mtu ana haki yake mkononi.

Kuna jambo jingine, hili sikuambiwa na yeye. Abudo ndiye aliyeniambia. Palma ilipoungua, na sisi tukakimbia kila mtu njia yake, vyombo vilikuwa vikileta watu Ibo pia. Abudo anasema Mama Mkubwa alikwenda gatini siku tisa mfululizo, asubuhi mpaka maji yanapokupwa, akimshika kila mwanamke anayeshuka na kumuuliza kama amemwona Fatima wa Palma, mfupi, mwenye kovu kwenye kidole gumba. Siku ya tisa mtu mmoja akamwambia amekuona Namoto, kule mpakani, uko hai. Akarudi nyumbani, hakwenda tena.

Nikamwendea. "Mama Mkubwa, ulikwenda gatini siku tisa kututafuta?"

"Nilikwenda kununua samaki."

"Siku tisa?"

"Nilikuwa na hamu ya samaki."

Basi sikuweza kuvumilia zaidi. Juzi Jumatano nilimwambia nitakuandikia, nikuombe uje Ibo. Akakataa palepale. "Usimwite," akasema. "Nimekwambia usimwite." Akachukua ungo wake, akaingia ndani, na siku hiyo sikupewa kahawa.

Ndani ya bahasha nimetia picha tatu. Ya ngome kubwa, na huyo anayepunga mkono kwenye kona ya mbali ni Abudo. Ya pili ni bahari yako. Tazama vizuri kulia, kuna tawi la mpapai, hilo halikuwepo zamani zako. Ya tatu ni Mama Mkubwa na ungo, na msiro wake usoni. Hakunawa. Dona Ivone anasema katika picha zote za ngome ndogo hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa ngome yenyewe inaonekana kidogo tu nyuma ya sikio lake.

Nisalimie watu wote. Baba Mdogo Saide, mwambie ile mashine ya boti asiitengeneze peke yake, amwite fundi, tumechoka kumvuta kwa kamba. Shangazi Mwanajuma, mwambie binti yake nimemwona Pemba, ana afya na ana mimba, kama bado hajaambiwa basi sikusema. Mwalimu wa chuoni, aliyenifundisha kuandika kabla ya skuli, mwambie mwandiko huu ni kazi yake, mzuri na mbaya.

Bi Rehema, jirani yetu wa upande wa kisima, simtumii salamu, kwa sababu ndiye aliyekuletea bahasha hii na najua bado amesimama mlangoni akijifanya anakagua kuku. Usimgombeze. Nilimpigia simu mimi, nikamwomba ampokee mgeni.

Jana asubuhi nilipita nyumba ya nne kuomba msamaha. Nikamkuta Mama Mkubwa amefunga mfuko: kapulana mbili, mkeka wa kusalia, na kijiti cha msiro kimezungushiwa kitambaa. Nikauliza anakwenda wapi. Akasema, "Nilikwambia usimwite. Atapandaje chombo na magoti yale?" Nikamwambia, lakini mkubwa hamwendei mdogo. Akasema, "Mwenye magoti mazima ndiye anayekwenda."

Anaondoka kesho alfajiri na mke wa Abudo, anayekwenda huko kumwona mwanawe, na barua hii wataibeba wao. Watavuka na boti, watapanda gari la abiria, shapa, watangoja msafara wa wanajeshi, watapita Awasse na Mocímboa mpaka Palma. Miaka mingi hajatoka kisiwani, na hataona chochote cha njiani ila mwanga. Nimemwambia mke wa Abudo amsimulie kila kijiji.

Sasa hivi, unaposikia maneno haya, yuko barazani kwa Bi Rehema. Hakutaka kuja mlangoni kwako. Alisema huingii nyumba ya mtu uliyemkosea mpaka akuite mwenyewe, na kwamba barua isomwe yote kwanza, ujue kila kitu, usije ukamwita kwa kuona haya tu. Usipomwita atalala hapo, kesho atapanda gari la kurudi, wala hatasema neno baya juu yako kwa mtu yeyote. Ameniapia.

Mama, ukitoka usimpungie mkono kwa mbali, hatakuona. Usimwite kwa sauti ukiwa kisimani, Bi Rehema atalia na kuharibu kila kitu. Fika mpaka mbele yake, karibu, upande wake wa kulia.

Zainabo, mpe Mama viatu.

Mwanao asiyesikia,
Atija